Misumari Chini ya Turubai

Shemeji yangu tulimwita Bwana Afya, na jina likamkaa. Fundi seremala gani anashika fagio kabla ya nyundo? Nimemwoa dada yake, na kwa miaka sita nimefanya kazi chini yake, mgongo ukiniuma kwa kuokota takataka. Ubao wa zamani ukibomolewa, lazima ung'olewe misumari papo hapo, misumari iingie koponi, ubao ulazwe pembeni. "Fanya sasa, shem," husema. "Habari za baadaye usiniletee."

Sababu naijua. Ana kisukari, nyayo zimekufa ganzi, na daktari alishamwambia bila kumung'unya maneno: akijeruhiwa tena mguu ule uliowahi kuwa na kidonda, utakatwa. Mguu ukienda na kazi imekwenda, na ana watoto wanne wanaomtazama yeye. Yote hayo niliyajua, sitajitia hamnazo.

Siku hiyo tulikuwa tunabomoa uzio wa mbao nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu, mama mwenye macho ya kupekua. Shemeji alikwenda kuchukua geti jipya. Jua kali, mgongo unawaka, na mbao kumi na tano zinanisubiri na misumari yake. Mara nikasikia mama anafungua mlango aje kukagua. Nikazirundika upesi kwenye njia, ncha juu, nikatupia turubai, nikafagia pembeni.

"Leo pamependeza," akasema.

Nikacheka kimoyomoyo. Usafi si ndio huo?

Shemeji akarudi na geti begani. Kwake yeye hakuna kinachofunikwa kabla hakijamalizwa, ndiyo sheria aliyotufundisha wote, kwa hiyo alipoona turubai hakuwa na wasiwasi. Akapita juu yake. Nilimwona. Ningesema neno moja tu angesimama, lakini ningegombezwa mbele ya yule mama, nami nilikuwa nimechoka kugombezwa. Nikaendelea kufagia.

Hakusikia chochote. Alifanya kazi mpaka jioni, akanitania kwamba leo nimekuwa mtu. Nyumbani mkewe alimvua kiatu akakuta soksi imelowa damu. Wiki tatu baadaye wakamkata mguu chini ya goti.

Nilikwenda wodini na machungwa. Alikuwa amekonda, shuka imelala bapa pale palipokuwa na mguu.

"Shem," akaniuliza, "zile mbao uling'oa misumari?"

"Zote."

"Basi nilikanyaga kwingine. Uzembe wangu mwenyewe."

Nikamenya chungwa. Dada yake, mke wangu, alikuwa amekaa hapo hapo kitandani analia, nami nikampa kipande.

Kisha shemeji akanishika mkono, akaniomba msamaha kwa kuniachia mzigo wa kazi peke yangu. Nikamwambia nimemsamehe.