Masikio: Binti anayetunga muziki kwa cherehani za mama yake

Saa mbili asubuhi, na chumba cha ushonaji kimeshachangamka. Cherehani nne zimepangwa mbilimbili zikitazamana, pasi inapata moto pembeni, na vipande vya vitambaa vya kila rangi vimetapakaa sakafuni. Binti wa miaka ishirini na mbili anapinda sketi ya shule kwa mkono. Ghafla anaacha sindano, anainamisha kichwa upande, kisha anachomoa kinasa sauti kidogo mfukoni mwa aproni na kukisogeza karibu na mkasi wa jirani yake.

"Kata tena hapo hapo, Mama Pacha," anasema. "Taratibu."

Mama Pacha, fundi mwenye mwili wa kutosha na maneno ya kutosha zaidi, anamtazama kwa jicho la pembeni. "Nikate nini tena? Hii ni suruali ya mtu. Nikikusikiliza wewe, mwenyewe atakuja kuchukua kaptura."

Chumba kizima kinaangua kicheko, na kinasa sauti kinakimeza kicheko chote.

Hapa binti huyu anaitwa Masikio, na jina hilo alipewa na mafundi wenyewe. Alipokuwa mdogo akicheza chini ya meza, alikuwa anapaza sauti bila hata kuinua kichwa: "Mama Pacha, uzi wako umekatika!" Na kweli, Mama Pacha akitazama, anakuta anashona hewa.

Siku hizi Masikio ana kazi mbili. Asubuhi anapinda nguo na kushona matundu ya vifungo, akilipwa kwa kipande kama fundi mwingine yeyote, maana mama yake, mwenye chumba, hana cha mtoto wala cha mgeni linapokuja suala la kazi. Mchana anaoga, anabadilisha nguo, anakwenda chuoni kusomea muziki wa majaribio na sanaa ya sauti, yaani kutunga muziki kwa sauti ambazo watu wengi huzipita bila kuzisikia. Mama Pacha ana maelezo yake mafupi zaidi: "Anarekodi kelele, kisha wanampa cheti."

Mwanzoni Masikio alikwenda kujifunza kinanda. Mama yake aliridhika, kwa sababu mpiga kinanda huonekana kwenye harusi, na mzazi anapata la kusema. Lakini mwaka wa pili mwalimu mmoja aliingia darasani, akafunga kifuniko cha kinanda, akawaamuru wanafunzi wanyamaze na wasikilize chumba.

"Wenzangu walikuwa wanacheka," anakumbuka Masikio. "Mimi nikasikia feni, nikasikia viatu vya mtu koridoni, nikasikia tumbo la jirani yangu linanguruma. Nikajisemea, kumbe mimi nimekulia ndani ya bendi na sikujua!"

Alirudi nyumbani mbio kumwambia mama yake kwamba atatunga muziki kwa cherehani. Habari hiyo haikupokelewa kwa vigelegele.

"Nilikasirika, sikufichi," anasema mama huyo, mwembamba, futi ikining'inia shingoni saa zote. "Miguu yangu imevimba kwenye pedali hizi ili mwanangu aondokane na kelele zake. Eti na yeye anazifuata chuoni! Nikamwambia, mwanangu, hapo umeruka mkojo ukakanyaga mavi."

Walinuniana. Siku kadhaa mezani ilikuwa ni "nipe chumvi" na "chukua", basi. Mwishowe wakafikia makubaliano, na Mama Pacha akawa shahidi. Masikio angemaliza mtihani wake wa mwisho wa mwaka kwa njia yake mwenyewe. Akifaulu, aendelee na sauti zake na mama asitie neno tena. Akifeli, aache chuo na akae kwenye cherehani moja kwa moja.

Tungo aliyoiandaa kwa mtihani ilitegemea vilio vya mashine. Cherehani ya Mama Pacha ilikuwa inagonga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Ya dirishani ilikuwa na mluzi. Lakini nyota ya shughuli ilikuwa cherehani ya mama, kongwe kuliko zote: pedali yake ilikuwa ikishuka inalia kwii, ikipanda inajibu kwaa, na kilio hicho kilisikika mpaka barabarani. Masikio aliipanga tungo nzima kukizunguka kilio hicho. Walimu watatu wangekuja pale pale chumbani, wavae hedifoni, wasikilize mafundi wakishona huku yeye akiziunganisha sauti kwa mashine yake ndogo.

Hapo ndipo mama alipofanya kosa ambalo fundi yeyote anayejiheshimu angelifanya.

Aliposikia kwamba walimu wa chuo wanakuja, aliamka na moyo wa mwenye nyumba. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Masikio akiwa chuoni siku ya kuamkia mtihani, mama aliita fundi wa kutengeneza cherehani. Pedali zikakazwa, mikanda iliyolegea ikabadilishwa, kila kiungo kikatiwa mafuta. Mama Pacha alisugua sakafu kwa sabuni mpaka ikang'aa.

"Nilisema, walimu wa watu wasije wakasikia cherehani zangu zinalia kama mlango wa banda la kuku," anasema mama. "Ningeuficha wapi uso wangu? Na huyu ni mwanangu, nilitaka ang'are."

Asubuhi ya mtihani Masikio aliketi kwenye cherehani ya mama yake ajaribu maikrofoni. Akakanyaga pedali. Kimya. Akakanyaga kwa nguvu. Kimya, laini kama siagi. Akakimbilia ya dirishani, ikazunguka bila hata kukohoa. Aligeuka akamkuta mama yake amesimama mlangoni anatabasamu, akingoja kushukuriwa.

"Mama," alisema, na machozi yalikuwa yameshafika. "Umewanyamazisha waimbaji wangu."

"Waimbaji gani?"

"Kwii na kwaa, mama! Ndio wimbo wenyewe ule!"

Mama alishika kichwa. "Ule? Ule ndio ulikuwa wimbo? Mungu wangu, si ungesema!"

"Nilisema! Nimesema mwaka mzima!"

Na kweli alikuwa amesema. Lakini kwa mama, kilio cha pedali kilikuwa ugonjwa, na nani anasubiri mgonjwa asifiwe ndipo ampe dawa? Ikawa patashika. Mama akapiga magoti kufuta mafuta kwa kitambaa, Mama Pacha akachukua bisibisi kulegeza alichokilipia mwenzake jana yake. Wapi! Maji yakimwagika hayazoleki. Wakiwa bado chini ya meza, sauti ya kiungwana ikasikika mlangoni: "Hodi humu ndani?"

Walimu walikuwa wamefika.

Waliketi kwenye benchi la wateja. Mama aliwakaribisha, akawageuzia mgongo kwa aibu, akakaa kwenye cherehani yake na kuvuta shati la shule lililokuwa halijaunganishwa mikono, kwa kuwa ni mtu asiyejua kukaa mikono mitupu. Masikio, amevaa hedifoni, alikuwa anatafuta maneno ya kuwaambia walimu kwamba hana kitu.

Ndipo akasikia mtu anaimba.

Ilikuwa sauti nyembamba ya mdomo uliofumbwa, inapanda taratibu sindano ikienda mbio, inatua mshono ukifika ukingoni, inanyamaza uzi ukikatwa, kisha inaanza upya mahali tofauti. Ilikuwa inatoka kwa mama yake. Miaka yote pedali ilikuwa imemfunika.

"Nilipigwa na butwaa," anasema Masikio. "Mimi, wanayeniita Masikio, nimekaa na mama maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia."

Mama Pacha, aliyewekewa hedifoni asikilize, alinong'ona: "Mwambie basi aimbe kwa nguvu!"

"Nikimwambia ataacha," alijibu Masikio.

Akaiondoa maikrofoni kwenye pedali, akaificha nyuma ya kopo la pini, usawa wa kifua cha mama yake. "Mama, mwenye hizo sare anazitaka leo."

"Na walimu wako je?"

"Hao niachie mimi. Wewe shona tu."

Mama akashona, na mafundi wenzake nao wakakanyaga pedali zao. Walimu wakavaa hedifoni zao. Masikio akaiacha tungo yake ya mwaka mzima, akaanza upya palepale mbele yao: akaipandisha ile sauti ya kifuani, akaizungushia mkasi wa Mama Pacha, akaichelewesha ikaitikiana yenyewe, akaweka chini yake cherehani nne zinazopumua polepole. Mwalimu mmoja alifumba macho. Mama alimwona kwa pembeni, akadhani amelala, akazidi kushona kwa wasiwasi, na wimbo ukapanda juu zaidi. Mwalimu wa kike alivua miwani akaifuta, kisha akafuta macho.

Shati lilipokamilika, mama alikata uzi. Walimu wakasimama na kupiga makofi.

Mama aliwatazama mmoja mmoja. "Samahani, walimu," alisema. "Muziki mbona haujaanza?"

Masikio akamvalisha hedifoni na kumchezea alichonasa. Mama alisikiliza ameshika futi yake kwa mikono miwili.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi siimbi."

"Unaimba. Kila siku ukishona."

Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba arudishiwe mwanzo, akasikiliza tena. Walimu walikuwa wameshatoka zamani alipovua hedifoni. "Kumbe nilikuwa nafurahi," alisema. "Miaka yote hii nadhani nateseka tu, kumbe nilikuwa nafurahi."

Masikio alifaulu kwa daraja la kwanza. Mwalimu aliyefumba macho anasema hakulala hata kidogo. "Nilikuwa naogopa kupumua," anasema. "Wanafunzi wengi wangetuomba siku nyingine. Yeye alisikiliza kilichobaki."

Mama ametimiza neno lake na kulipita. Hatii neno, isipokuwa la kujisifu, na hilo halina mwisho. Mteja akianza kupaza sauti kuhusu kola yake, anaoneshwa kidole mdomoni: "Subiri kidogo, mwanangu yuko kazini." Tatizo jipya ni kwamba sasa anajua anaimba, na akikumbuka tu, sauti inakatika. Masikio hupoteza asubuhi nzima akimwongelesha habari za bei ya zipu ili asahau.

Mpango wa Masikio ni mkubwa kuliko chumba hiki. Chuo kimemkubalia ukumbi mwakani, naye anataka kupandisha jukwaani mafundi kumi na watano kutoka vyumba vya jirani, kila mmoja na cherehani yake na nguo halisi ya kushona, hadhira ikizunguka katikati yao. Bado hajapata gari la kubeba mashine, wala hajui mafundi watafungaje kazi siku nzima. Usingizi anaukosa, anakiri, lakini kwa raha.

Mama yake hana wasiwasi na gari. Ameshatandaza kitambaa cha buluu juu ya meza, ameshika chaki, na anampima Mama Pacha kiuno huku Mama Pacha akilalamika kwamba futi ni ndogo.

"Kumi na watano, wote sare moja," anasema. "Sisi ni mafundi. Hatuwezi kupanda jukwaani na nguo za kununua."