Kahawa Kabla ya Kipimo

Kwetu Kanoni mtu hasafiri kimyakimya. Ukionekana umevaa viatu vya kwenda mbali kabla umande haujakauka, kila nyumba utakayoipita itataka kujua unakwenda wapi, na ukishasema, utaitwa ndani uagwe. Kuagwa kwenyewe ni kahawa. Si ya kunywa, ni ya kutafuna: matunda yaliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha yakaanikwa mpaka yakawa meusi na makavu. Huletwa kwenye kijikapu chenye mfuniko. Unachota chache, unatia mdomoni, mnaongea. Kukataa ni kama kumwambia mwenye nyumba kwamba humwamini.

Asubuhi ile nilikuwa nakwenda hospitalini kupimwa afya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na mafunzo ya kijeshi ya kambini yanayofuata, nikaomba nafasi katika mpango ambamo jeshi humsomesha kijana chuo kikuu, na akihitimu anakuwa afisa. Usaili nilishafaulu. Kilichobaki ni daktari kuandika kwamba mwili wangu uko sawa. Bila mpango ule nisingekwenda chuo. Shamba la baba lilishawasomesha kaka zangu wawili, na migomba haikuwa na la kuongeza.

Lakini si ada tu iliyonivuta. Kule kambini alikuwapo kapteni mmoja mwanamke. Nilikuwa nimezoea wakubwa wanaofoka; yeye alisema jambo mara moja, kwa sauti ya kawaida, na uwanja mzima ukageuka kama majani yanapopitiwa na upepo. Tangu siku ile nilitaka kuwa mtu wa namna hiyo, na nilitaka kwa nguvu kiasi kwamba niliona aibu kumwambia yeyote.

Bibi yangu ndiye aliyeanza na kikapu.

"Tafuna, binti yangu. Wasije wakakuona mlegevu."

Nikatafuna. Kwa mke wa mwinjilisti nikatafuna. Jirani yetu wa barabarani alinisimamisha kwa kelele: "Afisa! Ukirudi na bunduki usipite kwangu, mbuzi wangu ni waoga!" Akacheka, akafunua kikapu chake, nikatafuna tena. Nilipopanda bodaboda kifua kilikuwa kikidunda kama ngoma, nami nikadhani ni furaha.

Hospitalini nesi alinifunga kipimo mkononi, akakitazama, akakunja uso.

"Umekimbia?"

"Hapana, dada. Nimekuja na pikipiki."

Akapima tena, kisha akamwita daktari. Alikuwa kijana, mgeni wa mkoa huu. Alishika kifundo cha mkono wangu, akatazama saa yake, akahesabu.

"Mapigo haya siwezi kuandika kwamba ni ya kawaida," alisema. "Na jeshini hawamchukui mtu mwenye moyo unaokwenda hivi."

Nesi akainama karibu na mdomo wangu, akanusa.

"Umetafuna kahawa?"

"Ndiyo."

"Nyumba ngapi?"

"Zote za njiani."

Nesi akashika kiuno akacheka. Daktari alitaka kujua kahawa inatafunwaje, naye akaelezwa kwa kirefu. Hakucheka. "Kaa nje, unywe maji. Nitakupima mara moja tu jioni, kabla sijatoka. Nitakachokiona ndicho nitakachoandika."

Nikakaa kwenye benchi. Kadiri nilivyouomba moyo utulie, ndivyo ulivyozidi. Akaja bibi mmoja kukaa kando yangu; binti yake alikuwa amejifungua, alikuwa anangoja kuruhusiwa kuingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekaa kama uliyefiwa?" Akatoa kijikapu kwenye mfuko wake, akakifunua. "Chukua."

Sikuwa nimewahi kukataa kahawa ya mtu mzima. Niliwaza kuchota na kuzificha kiganjani, lakini alikuwa ananitazama mdomoni. Nikaufunika mkono wake kwa mikono yangu miwili.

"Waitu, bibi, leo siwezi," nilisema, kwa neno letu la kusihi kwa heshima.

"Kumbe siku hizi watu wanaokoka wakaacha hata kahawa?"

Nikamweleza yote, mpaka yule kapteni. Alisikiliza huku akitafuna.

"Jeshi gani hilo linaloogopa kahawa?"

"Si jeshi, bibi. Ni moyo wangu unakimbia."

"Unakimbilia wapi?" Alicheka mpaka akakohoa. "Na ukishakuwa huyo mkubwa, utawaambia wanaume wakae, wakae?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi anza na mimi. Niambie nifunge kikapu."

"Tafadhali bibi, naomba ufunge."

"Hapo unaniomba. Sifungi."

Nilimtazama. Midomo ilikuwa mizito; kwetu mtoto hamwamuru bibi. Nikavuta pumzi.

"Bibi, funga kikapu."

Akakifunga, akaketi wima kama askari, na wote wawili tukaangua kicheko. Kuanzia hapo alinilinda. Aliyenikaribia kuniuliza habari alifukuzwa: "Mwache, moyo wake umelala." Alinisimulia wajukuu wake mmoja mmoja, taratibu, mpaka mabega yangu yakalegea. Alipoitwa wodini hakuniaga kwa maneno, alinipigia saluti ya mkono wa kushoto.

Jioni daktari akanishika tena mkono, akatazama saa. Niliyatazama mawingu yaliyokuwa yakishuka kwenye vilima vya upande wa Kyerwa. Nesi alisimama mlangoni, hata yeye hapumui.

"Sawa," daktari alisema, akaandika.

Nilitoka. Nilipofika getini ndipo nilipokumbuka kwamba sijamwambia yule bibi. Nikageuka, nikaanza kukimbia kuelekea wodi ya wazazi.

"Wewe, usikimbie!" nesi alinipigia kelele kutoka dirishani.

"Ameshaandika!" nilimjibu, nikaongeza mwendo.