Kanzu ya Padre Sandukuni mwa Bibi

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ujiji, nikapanga chumba mtaa wa Kasingirima kwa bibi mmoja mjane, Mwislamu wa swala tano, ambaye wazee wake upande wa baba walitoka ng'ambo ya ziwa. Mimi ni Mkatoliki, Muha wa milimani. Akina mama wa parokia waliniuliza nimekosaje chumba kwa Mkristo. Niliwajibu kwamba chumba cha Mkristo nilichokiona kilivuja, na sikuwa na mpango wa kulala nimekumbatia sufuria.

Ndani ya sanduku lake la mninga, chini ya doti za kanga na vipande vya udi, Bibi alitunza kanzu nyeupe ya padre wa kizungu. Padre huyo alikuja Ujiji zamani za misafara ya watumwa. Alimkomboa mama yake Bibi sokoni, mtoto mdogo asiyejua hata kwao ni wapi, na baada ya miaka michache akafa kwa homa, anakohoa damu, mtoto yule akimpepea. Walimzika kwa shuka. Kanzu akaachiwa mtoto, akaambiwa aitunze mpaka ndugu zake padre watakapokuja kuichukua. Hawakuja. Mtoto akakua, akaolewa na mvuvi, akasilimu, akazaa, akafa, na Bibi akairithi kanzu pamoja na agizo lake.

Kila mwaka baada ya Idi aliianika uani, akakaa kando yake na fimbo ya kufukuzia kuku. Haikuvaliwa wala kukopeshwa mtu. Ilikuwa amana, na mwenye kuwekewa amana hulala usingizi wa mang'amung'amu. Hofu ya Bibi ilikuwa moja tu, kufa kabla haijarudi kwa wenyewe.

"Nikifa nayo, mwalimu, nitamwambia nini mama?"

Mimi mdomo wangu haukai. Nilimtajia paroko habari hiyo, paroko akaandika barua, na haukupita muda mrefu akaja padre wa shirika lile lile la marehemu. Alikuwa ametumwa kukusanya makaratasi na masalia yake, kwa kuwa walitaka Kanisa limtangaze mwenye heri. Alikuwa Mfipa, kijana bado, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, kwapani ana jalada nene.

Bibi aliitikia shikamoo yake huku akichungulia mlangoni nyuma yake.

"Wazungu wako njiani?"

"Hakuna wazungu, Bibi. Ndugu zake ni sisi."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Kuishi kwingi kuona mengi! Haya, karibu, mwanangu."

Kanzu ilipokunjuliwa, padre akainama kuitazama. Kifuani palikuwa na doa la kahawia, kubwa kama kiganja. Baadaye uani alininong'oneza kwamba makaratasi wanayo tele, lakini kaburi lenyewe lilishapotea chini ya nyumba za watu. Damu ile ndiyo pekee iliyobaki ya mwili wake hapa duniani. Nikamwambia akamweleze Bibi. Akasema ataona haya kumzungumzia bibi wa watu habari za damu na kahawa iko mezani. Nilimwona ana adabu ya kuzidi, nikanyamaza, na kunyamaza si kawaida yangu.

Badala yake alifungua jalada akamsomea Bibi nakala za barua za marehemu, akizigeuza kutoka Kifaransa. Nyingi zilikuwa za mvua, mabamia na mafundisho, na Bibi alianza kusinzia. Kisha akasoma moja ya mwishomwisho, aliyowaandikia wenzake ng'ambo ya ziwa. Aliwaomba wamletee sabuni. Yake imekwisha, kanzu imekuwa chafu, naye anaona haya kupita mbele ya watu wa Ujiji wanaotawadha kila mara.

Nikaangua kicheko, maana wiki ile ile na sisi tulikuwa tumeikosa sabuni dukani. Bibi hakucheka. Usingizi ulikuwa umemtoka.

"Kasema anaona haya?"

"Ndiyo, Bibi."

"Masikini. Na mama hakujua."

Padre aliaga, akaahidi kurudi Jumatatu na kisanduku cha kubebea kanzu. Siku ya pili yake Bibi aliniomba nimtafutie sabuni ya mche, hata kipande. Nikapanga foleni duka la ushirika, nikasukumana na wake za wavuvi, nikapata nusu mche. Nilidhani anataka kufua mashuka.

Jumamosi nilirudi kutoka shamba la shule, jembe begani, nikaikuta kanzu kwenye kamba. Nyeupe pe! Imetiwa na buluu. Nikasogea kutazama kifuani. Hapakuwa na kitu.

Nilikaa kibarazani na udongo wangu miguuni, nimekasirika hata sijui namkasirikia nani. Nilimkasirikia zaidi padre na adabu yake. Bibi alitoka jikoni ananifurahia. Nilijua kwamba nikimwambia alichokifuta, nimemuua kabla ya siku yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Imetakata, Bibi," nikasema.

Jumatatu nilimvizia padre njiani, nikamwambia kanzu imefuliwa. Alisimama pale pale, kisanduku mikononi.

"Lile doa?"

"Limetoka. Na ukimwambia kaharibu, padre, mimi na wewe tutakosana, na kanisani sitakuja."

Akaingia ndani.

Bibi alikuwa amevaa kanga mpya. Kanzu ilikuwa imepigwa pasi ya mkaa, imekunjwa, inanukia udi. Aliitoa kwa mikono miwili.

"Pokea amana ya ndugu yako. Mama hakujua kama alikuwa anaona haya, angejua angeifua zamani. Hapa kifuani palikuwa pagumu. Nimefikicha mpaka vidole vimechubuka, lakini patazame sasa."

Padre alikunjua, akapatazama. Akapitisha kidole mahali pale, akarudia tena. Niliuona uso wa Bibi ukianza kubadilika.

"Mbona husemi, mwanangu? Kuna kilichopungua?"

Padre alivua miwani akaishika mkononi. "Bibi," akasema, "aliomba sabuni. Sisi ndugu zake tukaiweka barua yake kabatini, tukaitunza vizuri mpaka leo. Hakuna aliyempelekea."

Kisha akaomba kalamu yangu. Aliandika karatasi mbili zinazofanana, moja ya kabati la shirika, moja ya Bibi, na kwa kuwa Bibi hakujua kusoma herufi hizi zetu, mimi ndiye niliyemsomea. Iliandikwa kwamba padre amepokea kanzu ya marehemu kutoka kwa binti wa mtoto aliyemuuguza, na kwamba imetunzwa na imefuliwa.

"Soma tena hapo mwisho," Bibi akasema.

Nikasoma tena. Aliichukua karatasi, akaikunja, akaenda kuilaza sandukuni, chini ya kanga, pale ilipokuwa kanzu.