Mama Mkwe na Ng'ombe Wenye Pembe za Matawi

Desemba hiyo nilivunjika mguu kishujaa kabisa: bajaji niliyopanda iliteleza kwenye tope, ikasimama salama, dereva akashuka salama, mimi nikashuka nikakanyaga mtaro. Hospitali wakanifunga hogo la plasta kutoka unyayo hadi gotini, wakanirudisha nyumbani hapa Mpanda.

Mimi ni mkuu wa masijala, mtu ambaye vijana wa ofisini hupunguza sauti anapopita. Binti yangu anayesoma Dodoma akanitumia kwa basi zawadi inayolingana na cheo hicho: penseli za rangi na kitabu cha Krismasi cha kupaka rangi. Kwenye jalada waliandika kwamba ni cha watu wazima. Nilishukuru kwa ufafanuzi.

Karibu kila ukurasa ulikuwa na theluji. Theluji ni nyeupe na karatasi ni nyeupe, kwa hiyo nusu ya kazi walishanifanyia. Palikuwa na wazee wanene wenye kofia za manyoya, na kulungu wakivuta gari lisilo na magurudumu. Sisi huku Krismasi yetu ni mvua, tope na kumbikumbi. Nadhani mchoraji alipitiwa tu.

Siku ya tatu nikagundua nimepaka tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuukumbuka mguu. Sikumwambia mtu.

Ndipo mama mkwe akateremka na pikipiki kutoka kijijini kwake Mwese, na maharage yake, kuja kumwona mgonjwa. Kwa mila ya kwao, mkwe na mama mkwe hawasemeshani. Tangu nioe tumewasiliana kupitia mke wangu, kama wizara mbili zenye katibu mmoja. Akaweka kigoda karibu na mlango, akanipa mgongo nusu, akaanza kuchambua maharage.

"Mwanangu, muulize mumeo, hiyo ndiyo kazi ya ofisini?"

"Mama anauliza kama ni kazi ya ofisini."

"Mwambie ni tiba."

"Anasema ni tiba, mama."

"Haya. Na hao ng'ombe muulize ni wa wapi, mbona pembe zimeota matawi?"

Kesho yake mke wangu akaenda sokoni, tukabaki wawili bila katibu. Mama mkwe akaigeukia sufuria ya maharage iliyokuwa motoni pale.

"Wewe sufuria," akasema, "mtu anayepaka ng'ombe zambarau, kwao hawafugi?"

Nikaona nami nijibu kwa heshima. "Sufuria, mwambie mama penseli ya kahawia imekwisha."

"Basi achanganye nyekundu na kijani. Sisi tunaosuka vikapu tunajua rangi."

Nikachanganya. Kahawia ikatokea, nzuri kuliko ya dukani. Nikachana ukurasa mmoja, nikauweka sakafuni pamoja na penseli kadhaa, nikamsukumia kwa mkongojo.

Aliutazama sana. "Sufuria, hii nyeupe yote ni nini?"

"Mwambie mama ni theluji. Baridi inayoanguka toka juu."

"Shamba lote hili limekaa bure?"

Akalilima. Theluji ikageuka kijani, ikapandwa mahindi kwa mistari, na yule mzee mnene akapakwa weusi wa watu wa kwetu, labda ili aweze kupalilia.

Mke wangu aliporudi alitukuta tumepeana migongo, kila mtu ameinamia karatasi yake, na moto umezimika.

"Mmekula nini?" akauliza. Mtaalamu wa kumbukumbu za serikali na mama wa watoto saba tulikuwa tumesahau chakula.

Siku ya Krismasi jirani yetu wa kanisani akaja kunipa pole, akaziona kurasa zimebandikwa ukutani.

"Wajukuu hawa wana kipaji," akasema. "Ni kazi ya mtoto yupi?"

Nilitazama dari. Nilikuwa tayari kumsingizia mtoto yeyote wa mtaani.

"Mimi na mkwe wangu," akasema mama mkwe, bila kutetereka.

Jirani alimaliza chai haraka kidogo, na nadhani hadi jioni usharika wote ulikuwa na taarifa. Januari wenzangu wa ofisini walikuja kunijulia hali kwa wingi usio wa kawaida, na wote walianza kwa kuangalia ukuta.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amerudi Mwese kupalilia, akiwa na kurasa chache ndani ya kanga. Penseli hakuomba. Wiki mbili baadaye dereva wa pikipiki akaniletea toka kwake karatasi iliyokunjwa, moja ya zile kurasa: kanisa dogo, paa limepakwa udongo mwekundu na miti imesuguliwa majani mabichi. Ilikuwa bado inanuka mvua. Nikaibandika ukutani mwenyewe, kwa mguu mmoja.