Ruhusa ya Kumuuguza Mama Mkwe

Katika muhula mmoja niling'oa meno manne. Kinywani yapo yote, lakini kwenye daftari la ruhusa la shule yetu hapa Kibaha niling'oa manne, nikaumwa mgongo mara mbili na kumsindikiza shangazi hospitali mara moja. Ukweli ni kwamba siku zote hizo nilikuwa Dar es Salaam, kwenye kliniki, nimelala chali huku daktari akihesabu mayai yangu kwenye skrini. Kliniki inafunguliwa saa moja na nusu asubuhi, kipindi changu cha kwanza kinaanza saa mbili, na katikati hapo kuna barabara ya Morogoro. Mimi ni mwalimu wa hesabu na hesabu hiyo ilinishinda.

Mwalimu ana likizo ya mwaka, ila anaipata shule zikifungwa. Ana likizo ya uzazi, akishazaa. Wenzangu wanaonyonyesha huondoka mapema kila siku kwa mujibu wa sheria, na vipindi vyao vya mwisho nashika mimi, kwa sababu mimi, kama wanavyosema bila ubaya wowote, sina anayenisubiri nyumbani. Miaka saba nimevishika vipindi hivyo. Likizo ya kumtafuta huyo wa kunisubiri haimo kwenye kitabu chochote. Ningeweza kuleta ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazini, lakini muhuri wa kliniki ile unaeleza wazi wanatibu nini, na karatasi yenyewe ingepita kwa karani na kwa makamu kabla ya kumfikia mkuu wa shule. Kufikia chai ya saa nne ofisi nzima ingekuwa inanionea huruma. Huruma ya ofisi ya walimu naijua, nimeshawahi kuitoa.

Na kulikuwa na jambo jingine. Vipimo vilionyesha mimi sina tatizo, tatizo liko kwa mume wangu. Siku tuliyoambiwa, tukiwa bado kwenye korido ya kliniki, aliniomba kitu kimoja tu: asijue mtu, na hasa asijue mama yake. Nilimwahidi. Tangu hapo kila aliyeuliza "vipi, mbona kimya?" aliniuliza mimi, na mimi nilicheka na kusema Mungu hajapanga. Nilikuwa nacheka huku natamani kumtupia mtu kikombe.

Mama mkwe wangu anaishi Maneromango, ndani kabisa ya Kisarawe, peke yake na mihogo yake na mikorosho. Nilimwogopa. Kila Idi tukienda, akishaitikia shikamoo yangu hunitazama tumbo kwanza, kisha uso, halafu anauliza, "Mjukuu wangu mmemwacha wapi?" Niliamini ameshamtafutia mwanawe mke wa pili, anangoja tu siku ya kumtaja.

Ilipofika zamu ya kuvunwa mayai na kurudishiwa, nilihitaji wiki nzima, na kwa wiki nzima meno hayatoshi. Nikamwambia mkuu kwamba mama mkwe ni mgonjwa, hajiwezi, na hana wa kumuuguza. Kwenye fomu, sehemu ya mahali utakapokuwa, nikaandika Maneromango, na kitongoji chake nikaandika, kwa kuwa nilidhani uongo wenye anwani unaaminika zaidi.

"Pole sana, madam," mkuu alisema akisaini. "Mzazi ni mzazi. Nenda kamwangalie."

Mayai walivuna Jumamosi. Alhamisi iliyofuata wakanirudishia viinitete viwili. Daktari aliniambia niishi kama kawaida, nisibebe tu vitu vizito. Sikumwamini hata kidogo. Nilirudi nyumbani Tangini nimelala kiti cha nyuma cha gari la kukodi, nikimgombeza dereva kila tuta, na nilipofika nikapanda kitandani na kuweka mito chini ya miguu. Nilikuwa nazuia hata chafya.

Jumamosi, saa tano asubuhi, nikachukua simu kuangalia kundi la walimu. Kulikuwa na picha ya wenzangu saba ndani ya Noah, wamevaa vizuri, kilemba hiki na kofia ile, na mkuu yuko mbele. Chini yake makamu ameandika: "Tumeshapita Kisarawe mjini, tunaelekea kumwona mgonjwa wetu. Tumeamua tusimsumbue madam kwa simu, ana mengi."

Nilikuwa nimesahau kitu ambacho mtoto wa chekechea anakijua: mwenzako akiuguliwa, mnakwenda kumwona mgonjwa. Nimekwenda mimi mwenyewe Mlandizi, Chalinze na wapi na wapi, na kilo zangu mbili za sukari. Nilipanga wiki ile mpaka saa za kumeza vidonge, na jambo hilo moja halikunipitia akilini.

Nikampigia mama mkwe. Simu yake ilikuwa imezimwa, kama kawaida yake, maana huiwasha anapotaka yeye kupiga. Nikampigia mume wangu, nikijua kwamba kiwandani kwao simu huachwa getini mpaka zamu iishe. Ikaita mpaka ikakata. Nikainuka, nikavaa baibui juu ya gauni la kulalia, nikatafuta viatu. Nilifika mlangoni. Kutoka Kibaha mpaka Maneromango, hata ningepata pikipiki yenye wazimu, wenzangu wangekuwa wameshafika, wameshakula na wameshaondoka. Na ile njia naijua, ni mashimo matupu. Nilisimama pale na mkono juu ya kitasa, mwingine juu ya tumbo, nikiona kazi yangu inakwenda upande huu na watoto wangu upande ule. Niliwachukia wale walimu saba kwa wema wao. Kisha nikavua baibui, nikarudi kulala, roho juu, simu kifuani.

Nikaanza kupanga maneno. Ningesema mama amepata nafuu ghafla. Ningesema nimeshikwa na homa njiani. Kila sentensi ilihitaji nyingine ya kuishikilia. Nilimwona mama mkwe akitokea shambani na jembe begani, anawakaribisha wageni, wanamwuliza hali, anawajibu kwamba yeye haumwi na mkwe wake hajamwona tangu Idi. Halafu mkuu, ambaye hapendi makelele, anakunja uso na kuomba waondoke. Kudanganya ili usiende kazini kuna barua yake, na barua hiyo huenda mpaka kwa mkurugenzi. Lakini barua haikunitisha kama ile ofisi ya walimu siku ya Jumatatu.

Saa saba kasoro simu ikaita. Ilikuwa ya mkuu.

"Madam," alisema taratibu, "tupo hapa kwa mama. Tumekukosa. Hebu subiri, mgonjwa anataka kusema na wewe."

Nikasikia mkwaruzo, watu wakisogea, kitanda cha kamba kikilia. Kisha kikohozi kirefu.

"Mwanangu," sauti ikasema, nyembamba, ya mtu anayevuta pumzi kwa kazi. Miaka yote hajawahi kuniita mwanangu. Huniita mwalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile dawa umeipata?"

Dawa gani? Upande wa pili wote walikuwa wanasikiliza.

"Bado, mama," nikasema. "Bado naitafuta."

"Itafute taratibu. Nimewaambia walimu wako nimekutuma mjini, huku kwetu madukani haipo. Na usirudi na bodaboda, njia imeharibika. Miye sijambo kidogo. Nimekunywa uji."

Jioni picha zikaja kwenye kundi. Mama mkwe amelala, kanga imefika kidevuni, macho nusu. Walimu wamezunguka kitanda. Mwalimu wa Kiswahili, mama mtu mzima ambaye magoti hayamruhusu hata kupanda ngazi za jengo la utawala, ameinama na viganja viwazi, anaomba dua. Na mwisho wa kitanda, pale kanga ilipoishia, nyayo mbili za mama mkwe zimejaa udongo mbichi wa shambani. Niliikuza picha ile mara kumi. Nilingoja mtu aseme kitu. Waliandika tu "Mungu amponye" na "pole madam," na kila pole iliyoingia iliniumiza.

Jumapili, saa tatu asubuhi, mama mkwe akashuka mlangoni kwetu Tangini. Alikuja na mfuko: mchele, sukari, sabuni ya mche na kitenge kipya.

"Hivi si vyangu," alisema akiviweka mezani. "Ni vya mgonjwa."

Mume wangu alikuwa nyumbani. Mimi nilitaka kuinuka, mama akanionyesha kwa mkono nilale vilevile, akaja kuketi ukingoni mwa kitanda. Alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Nimesikia gari nikiwa nyuma ya nyumba napalilia," alisema. "Namsikia mtu anamwuliza jirani, kwa yule bibi anayeumwa, mama mkwe wa mwalimu, ni wapi. Nikajua bibi mwenyewe ndiye miye. Nikatupa jembe, nikaingia kwa mlango wa uani, nikajifunika. Nimewadanganya watu wazima waliotoka Kibaha na njia ile. Yule mama wa magoti ameniombea mpaka machozi yamemtoka. Haya. Sasa niambieni, nilikuwa naumwa nini?"

Nilifungua kinywa. Uongo ulikuwa tayari, nilishauzoea: semina, malaria, chochote. Mume wangu akawahi.

"Mama, tatizo ni langu," alisema.

Alieleza amesimama, mgongo kwenye dirisha, haraka haraka kama anayeogopa kukatizwa. Alieleza vipimo, sindano za kila jioni, kliniki, na kwa nini mimi nimelala na mito miguuni. Alisema ni yeye aliyenifunga mdomo. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, mama alinigeukia mimi.

"Wako ndani sasa hivi?"

"Wapo, mama. Wawili."

"Wawili," akarudia. Akaishika kanga yake, akaikunja pembe, akaikunjua. Kisha akamwambia mwanawe, bila kumtazama, "Ulipougua matubwitubwi ukiwa kidato cha pili, mganga wa zahanati aliniambia yakimshukia mtoto wa kiume huko chini, kuzaa kunaweza kuwa shida. Sikumwambia mtu. Hata marehemu baba yako sikumwambia. Kila Idi nauliza mjukuu nikitaka mmoja wenu aniambie yule mganga alikosea."

Nililia, na sehemu kubwa ya kilio kile ilikuwa hasira. Miaka saba tulikuwa watu watatu tunafichana jambo moja. Hapakuwa na mke wa pili. Kulikuwa na mama aliyenitazama tumbo kwa hofu yake mwenyewe, na mimi nikaichukua hofu ile nikaipa jina la chuki. Mume wangu alitoka kwenda uani, akakaa huko mpaka chai ilipopoa. Mama alinipikia uji wa ulezi, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza bakuli.

Alipokuwa anajiandaa kuondoka aliniuliza, "Nitaumwa mpaka lini?"

"Mpaka Alhamisi, si hii inayokuja, ile ya pili. Ndiyo siku ya kipimo."

"Sawa," alisema, akachukua mfuko wake mtupu. Vitu vyote alituachia sisi.

Jumatatu nikarudi kazini. Niliulizwa habari za mgonjwa hata sikumbuki mara ngapi, na mara zote nilijibu anaendelea vizuri. Mwalimu wa Kiswahili alinishika mikono akasema, "Una mama mkwe mwenye subira," nikashindwa kumtazama. Mkuu aliniita ofisini, akanipa pole tena, kisha akaniambia kwa upole kwamba mtihani wa moko, ule wa majaribio wa kidato cha nne, umekaribia, na ruhusa zangu kwa muhula huu zimekwisha, labda utokee msiba. Nikasema nimeelewa. Nikaanza kufundisha nimeketi, nikimtuma mwanafunzi mmoja mmoja ubaoni. Kila nilipoinuka nilijikagua, kila nilipohisi kitu kiunoni nilihesabu siku.

Jumanne ya wiki ya pili, kipindi cha tatu, nilihisi. Nikawaachia kidato cha nne maswali mawili ya mduara, nikatembea mpaka chooni nikijizuia kukimbia. Ilikuwa damu. Haikuwa ile kidogo ambayo daktari alisema nisiitie maanani. Nilisimama mle chooni nimeegemea mlango, nikasikia kengele ya kubadilisha vipindi, na nilikuwa na vipindi viwili mfululizo na darasa lile. Ningekwenda wapi? Nikanawa uso, nikajikaza kisabuni, nikarudi kusahihisha maswali ya mduara. Msichana wa dawati la mbele aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia jino.

Alhamisi, mapumziko ya saa nne, nilivuka barabara kwenda kwenye maabara ya vipimo vya hospitali, wakanitoa damu. Majibu yalikuja kwa simu saa nane, na yalikuwa yaleyale niliyokwisha kuyajua. Mume wangu alikuwa kiwandani, simu yake getini. Nikaenda nyuma ya jengo la maabara ya kemia pale shuleni, mahali ambapo hakuna dirisha, nikampigia mama mkwe. Siku hiyo simu alikuwa ameiwasha. Ilipokelewa kabla haijamaliza kuita mara moja.

"Mama," nikasema, "imeshindikana. Wametoka wote wawili."

Hakusema pole. Nilisikia kuku, nilisikia anaketi chini. 

"Daktari kasema lini tena?" aliuliza.

"Nipumzike miezi mitatu kwanza. Lakini, mama, hata wakikubali, shuleni sina tena ruhusa. Mkuu ameshaniambia."

"Mkuu yupi, yule aliyekuja na mchele?"

"Huyo huyo."

Alivuta pumzi, na aliposema tena sauti ilikuwa imebadilika, nyembamba na ya taabu, ile ile ya kitandani, ingawa safari hii hapakuwa na mtu wa kuisikia ila mimi.

"Basi kamwambie, mwanangu, mgonjwa wake bado hajapona."