Viti vya Kutazamana

Nyanchera wa Itumbe amechuma majani chai tangu usichana wake na hajui likizo ni nini. Kwa hivyo bintiye Damaris alipopiga simu kutoka Nairobi kusema kwamba mumewe, Mose, anataka kumpeleka mama mkwe Diani akapumzike baharini, majirani wote tulifurahi. Aliyenuna ni mwenyewe.

Tulidhani anaogopa maji. Kumbe shida ilikuwa njia ya kufikia huko.

Damaris alimtajia njia zote. Kulikuwa na gari la Mose. Nyanchera akasema ni dogo. Kulikuwa na basi la usiku kutoka Kisii hadi Mombasa; akasema hawezi kulala ndani ya basi. Mose, maskini, akajitolea kumpandisha ndege kutoka Kisumu, jambo ambalo mimi ningelikubali kabla hajamaliza kusema. Nyanchera akasema ana presha.

Presha hana. Mama huyo hupanda kilima na kikapu cha majani chai mgongoni huku akiimba nyimbo za kanisani. Alichokuwa nacho ni chinsoni, zile kanuni zetu za heshima kati ya wakwe. Mama mkwe haketi ubavuni mwa mume wa bintiye, hampi mkono, na heri afe kuliko mkwe amwone amelala mdomo wazi. Wengi siku hizi wamezilegeza. Nyanchera amezikaza. Tangu Damaris aolewe, hajawahi kusema na Mose moja kwa moja. Husema, “Mwambie Baba Natasha chai iko tayari,” na Mose mwenyewe yuko pale pale anasikia. Sasa mtie mtu kama huyo katika gari dogo kutwa nzima. Na kueleza sababu hawezi, maana kuyataja mambo hayo mbele ya mtoto wako nako ni aibu.

Mwishowe akachagua treni. Alikuwa ameiona kwenye televisheni dukani Ikonge, ndefu ajabu, akapanga kimoyomoyo kwamba Mose atakaa mbele na yeye atakaa nyuma kabisa. Akapanda basi la mchana peke yake mpaka Nairobi, akawakuta stesheni.

Hakuna aliyemwambia kwamba katika behewa la bei nafuu viti vinatazamana. Mose alikuwa amekata tikiti za familia pamoja, kwa moyo mweupe kabisa. Nyanchera aliingia akamwona mkwe wake ameketi, Damaris ubavuni mwake, mjukuu wake mdogo Natasha dirishani upande wa pili, na kiti kimoja kitupu. Kilimtazama Mose goti kwa goti.

Akasema anapenda kusimama.

Mhudumu alikuja kumsihi aketi, akakataa kwa adabu, akaenda kushika chuma karibu na mlango. Abiria wakaanza kugeuza shingo. Damaris akamfuata.

“Mama, unatuaibisha. Watu wote wanatuangalia.”

“Wacha nisimame tu.”

“Mose amekukosea nini?”

“Hajanikosea.”

“Sasa mbona unamchukia? Kila tukitoka kwako Itumbe, njia yote ananiuliza amekufanya nini. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo. Alifikiria amepata mwingine.”

Miaka yote hiyo, kila Nyanchera alipompa Mose mgongo, aliamini anampa heshima kubwa kuliko zote alizonazo. Hakukumbuka kwamba kijana alilelewa na mjomba wake mjini Nakuru, na huko hakukuwa na mtu wa kumfundisha maana ya mgongo ule. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na hii haikuwa ile aliyoizoea.

Kabla hajajua afanye nini, Mose mwenyewe akaja, macho chini.

“Mama, enda ukae. Mimi nitasimama behewa lingine, usinione.”

Akapita. Nyanchera akaketi.

Walipofika Tsavo Natasha aliruka kitini. “Baba, ndovu,” akasema, akageuka, na baba hakuwepo. Damaris akatazama dirishani, machozi yakimlengalenga.

Nyanchera akainuka. Akapita katikati ya abiria akishikilia migongo ya viti, behewa moja, la pili, mpaka akamkuta mwanamume yule amesimama kando ya choo na mkoba wake begani.

“Mose,” akasema. Hakuwahi kulitamka jina hilo mbele yake. “Sikuchukii. Sisi huwa hatukai karibu na wakwe. Hiyo ndiyo heshima nilifunzwa.”

“Mimi sikujua, Mama.”

“Ni mimi sikukuambia. Kuja, mtoto anakuita.”

Wakarudi, yeye mbele, Mose nyuma. Nyanchera akaketi kwenye kiti chake, na Mose akaketi akimtazama. Mama mkwe hakujua aweke wapi macho, wala mikono. Reli ilipopinda, behewa likayumba na magoti yao yakagusana. Aliona aibu mwili mzima, lakini hakuyaondoa.