Mafuta kwenye Paji la Philister

Kwa miaka kumi na tisa Joash Okinyi, mkazi wa Waithaka, alikuwa akisukuma machela katika hospitali moja ndogo ya katikati ya jiji. Masomo yake yaliishia darasa la saba, na aibu yake ya kuzungumza ilijulikana hadi jikoni. Lakini alikuwa na mkono mtulivu. Mgonjwa alifika chumba cha upasuaji bila kutikiswa.

Asubuhi moja alimwendea Philister, muuza samaki mwenye uvimbe tumboni. Watu wa kanisa walikuwa wamemzunguka, na mchungaji akampaka mafuta ya upako mpaka nyusi zikalowa. Okinyi alingoja amina, kisha akasukuma.

Ndani, muuguzi Debra akambandika Philister kibandiko kwenye paji la uso. Kibandiko hicho hupima joto la mwili bila kumwingiza mtu kitu chochote. Okinyi akabaki mlangoni, tayari kuitwa.

Saa moja baadaye, upasuaji ukiendelea, skrini ilionyesha nyuzi thelathini na tano. Gurleen, daktari wa nusukaputi, akaongeza hewa ya moto kwenye blanketi. Joto likazidi kushuka.

"Likifika thelathini na nne, tunafunga tumbo," akasema daktari mpasuaji. "Uvimbe utangoja."

Uvimbe wenyewe ulikuwa umeshangoja miaka miwili. Ulimi wa Okinyi ulikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa, lakini hakuna mwingine mle ndani aliyeona alichokiona yeye.

"Daktari, huyu mama alipakwa mafuta. Hapo hapo penye kibandiko."

Gurleen akainua shuka, akagusa kibandiko, kisha kwapa. "Kumbe kimeachia upande mzima! Na kwapani ana joto zuri tu." Akapangusa paji kwa spiriti, akabandika kingine. Wakangoja. Thelathini na sita nukta nne.

"Tunaendelea," akasema mpasuaji.

"Okinyi ameongea!" Debra akacheka ndani ya barakoa. "Nani amemtia betri?"

"Asiitoe," akajibu Gurleen.

Philister alirudi nyumbani bila uvimbe. Okinyi naye siku hizi hatembei bila pamba mfukoni. Jana mzee Dilip wa Kitisuru alikuwa na alama nyekundu ya ibada katikati ya paji, na familia imesimama kando yake. Okinyi aliwaacha wamalize maombi, akasogea, akasema kwa sauti iliyofika hadi dirishani:

"Maombi tunaingia nayo, mzee. Rangi tu ndiyo naomba niipanguse."